Namba zinahama, tagi imesimama: kutengeneza kifaa cha kupima maji na kufuatilia samaki

Swali la msomaji, kwa ufupi:

“Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa elektroniki. Watafiti wa samaki wameniomba niwatengenezee kifaa kimoja cha kukaa ziwani. Kipime pH, oksijeni na amonia, halafu kisikilize tagi za sauti (vifaa vidogo vinavyolia majini) walizowapachika samaki na kuonyesha kila samaki yuko wapi, kosa lisizidi mita 1. Nimeshanunua kigeuzi cha biti 24 (cha kugeuza volti kuwa namba), elektrodi nzuri ya pH na haidrofoni tatu (maikrofoni za majini), kila moja na kinasa chake. Tatizo ni kwamba pH ya maji yaleyale ndooni inahama kwa 0.2 kati ya asubuhi na alasiri, na tagi niliyoifunga kwenye nguzo inaonekana ikitembea makumi ya mita ndani ya saa chache. Nibadilishe kipi kwanza, na ninunue kipi chenye usahihi zaidi?”

Jibu:

Ndugu fundi, usinunue kitu kwanza. Katika orodha yako yote, kigeuzi cha biti 24 ndicho chenye hatia ndogo kuliko vingine, na ukikibadilisha kwa kilicho bora zaidi hutaona tofauti yoyote.

Tupige hesabu. Tuseme kigeuzi kinapokea volti 5 kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipimo chake. Biti 24 zinazigawa volti hizo katika vipande zaidi ya milioni 16, kila kipande kikiwa mikrovolti 0.3. Elektrodi ya pH kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hutoa milivolti 59.16 kwa kila pH 1. Maana yake, hatua moja ya kigeuzi chako ni pH 0.000005. Hakuna elektrodi ya kioo inayoweza kuitambua tofauti hiyo. Iliyo nzuri na iliyotunzwa ikikupa 0.01 au 0.02 shukuru. Kigeuzi cha biti 16, ambacho hatua yake ni kama mikrovolti 76, kingekutosha na kubaki. Tarakimu nyingi kwenye skrini humfanya mtu ajisikie salama, basi.

Matatizo yako mawili yana mzizi mmoja. Unapima kwa kitu kimoja bila kukilinganisha na kingine, na kitu hicho kinahamishwa na joto. Kihisi kisichohamishwa na joto hakipo, wala usikitafute. Kazi ya mbunifu ni kupanga vitu viwili vipate shida ileile kwa wakati uleule, kisha atoe kimoja kwa kingine, au agawanye. Mizani ya vitunga viwili hufanya hivyo: nguvu ya mvutano ikiwa kubwa au ndogo, inavuta pande zote mbili, na jawabu halibadiliki. Shika hilo, kisha twende kwenye ndoo yako.

Swali la kwanza ni kama pH ya maji yale haikubadilika kweli. Maji yaliyokaa juani yakiwa na mwani hata kidogo hayabaki yaleyale. Mchana mwani hutumia kaboni dayoksaidi na pH hupanda. Usiku viumbe wote hupumua, gesi hiyo hurudi, pH hushuka. Katika maji yenye madini machache, badiliko la 0.2 kati ya asubuhi na alasiri ni jambo la kawaida kabisa. Huenda kifaa kinasema kweli nawe unakilaumu bure. Rudia jaribio lako kwa myeyusho bafa, yaani wenye pH inayojulikana, ndani ya chupa iliyofunikwa, mmoja wa pH 7 na mwingine wa 10.01, kwa saa zilezile. Na usisahau kwamba hata bafa hubadilika: ile ya 10.01 kwenye nyuzi 25 huwa 10.06 kwenye nyuzi 20. Chupa nyingi huwa na jedwali dogo ubavuni, na watu wengi hawalisomi.

Bafa ya 7 ikitulia na ya 10 ikahama zaidi ya jedwali, umepata dalili ya kwanza. Elektrodi ya kioo hutoa karibu sifuri milivolti kwenye pH 7, na kadiri unavyokwenda mbali na 7 ndivyo milivolti zake zinavyohamishwa zaidi na joto. Kwenye nyuzi 18 mwinuko wake, yaani badiliko la milivolti kwa kila pH 1, ni 57.8. Kwenye nyuzi 30 ni 60.2. Kwa maji ya pH 8.5, tofauti hiyo ni milivolti 3.5 hivi, sawa na pH 0.06. Hii hutibiwa kwa kipimajoto kilichokaa karibu na kioo pamoja na mstari mmoja wa programu. Lakini angalia: umeeleza 0.06 tu kati ya 0.2. Nyingine inatoka kwingine, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama.

Kioo cha elektrodi kina upinzani mkubwa ajabu, kama megaomu 250 kwenye nyuzi 25, na hupanda haraka maji yanapopoa hadi kufikia gigaomu 1 na zaidi. Arnold Beckman alipotengeneza kipima pH chake mwaka 1934, ili kupima uchachu wa maji ya limau, tatizo lilikuwa hilihili: mkondo kutoka kwenye kioo ni mdogo mno kwa mita za kawaida. Suluhisho lake lilikuwa kukuza ishara kwa vali za elektroniki. Wewe una chipu, lakini fizikia ni ileile. Mkondo wa pikoampia 10 tu ukivuja kwenye mlango wa kikuza ishara chako, unapita kwenye megaomu 250 na kuacha milivolti 2.5, yaani pH 0.04. Tena kwa chipu zenye mlango wa FET (aina ya transista) mkondo huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Soma karatasi ya chipu, na usome namba ya joto la juu, sio ile ya nyuzi 25 waliyoiweka ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna bodi yenyewe. Itazame chini ya taa kwa kuilaza. Kati ya tundu la kebo ya elektrodi na mguu wa chipu utaona utando wa flaksi (dawa ya kulehemu) iliyobaki baada ya kulehemu, na mara nyingi alama ya kidole. Flaksi na jasho vikikutana na unyevu wa asubuhi hutengeneza njia ya umeme ya gigaomu 10 hivi. Inaonekana kubwa, lakini iweke sambamba na kioo cha megaomu 250: inakula asilimia 2.4 ya ishara, na kwa pH 8.5 hiyo ni 0.04. Kioo kikipoa na kufikia gigaomu 1, inakula asilimia 9, na sasa kosa ni 0.14. Jumlisha na ile 0.06, ndoo yako imekwisha kujieleza.

Dawa yake ni ya mikono zaidi kuliko ya pesa. Osha sehemu hiyo kwa spiriti ya isopropili, suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni, kausha kwa joto la wastani, kisha usiiguse tena. Chora pete ya shaba kuuzunguka mguu wa mlango wa ishara, pande zote mbili za bodi, na uilishe volti ileile inayotoka kwenye kikuza ishara. Uchafu utabaki pale, lakini pande zake mbili zikiwa na volti sawa mkondo hauna sababu ya kupita. Ile kanuni ya vitu viwili kuhama pamoja, hapa umeitumia ndani ya milimita tatu za shaba.

Kwa nini ninakazania pH kiasi hiki? Kwa sababu amonia yako inaitegemea. Majini amonia huwa na sura mbili: ioni ya amoniamu, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa, na amonia huru, ambayo ndiyo sumu. Vipimo vingi vinakupa jumla ya zote mbili. Sehemu iliyo huru unaihesabu kwa pH na joto. Kwenye nyuzi 25 na pH 8.0, amonia huru ni asilimia 5.3 ya jumla. Kwenye pH 8.2 ni asilimia 8.2. Kosa lako la 0.2 limeongeza sumu kwa zaidi ya nusu, na mtafiti akiisoma hiyo namba ataandika kwamba samaki walikuwa hatarini wakati hawakuwa. Hata amonia yenyewe ukiipima kwa ustadi wa hali ya juu, haitasaidia.

Kuhusu namna ya kupima hiyo jumla, maoni yangu ni uachane na elektrodi ya amoniamu kwa kifaa kinachokaa majini wiki nzima. Potasiamu huidanganya, na ioni hiyo haikosekani kwenye maji ya ziwa. Tumia njia ya rangi: kemikali zinageuza amonia kuwa indofenoli ya bluu, nawe unapima inavyofyonza mwanga mwekundu. Gharama yake ni pampu ndogo, mifuko ya kemikali, chombo cha kuhifadhi maji yaliyotumika ili yasimwagwe ziwani, na uvumilivu wa kusubiri rangi ikomae.

Kwenye fotomita hiyo, yaani kipima mwanga chako, kosa la kwanza utakaloliona ni LED kupungua mwanga bodi inapopata joto. LED nyekundu zinaweza kupoteza asilimia moja kwa nyuzi moja au mbili. Mwanga ukipungua kwa asilimia moja, kipimo cha ufyonzaji kinahama 0.0044 bila rangi yoyote kuongezeka. Usijaribu kuipa LED mkondo uliotulia kama jiwe ukadhani umemaliza. Gawanya mwanga wake kwa kipande cha kioo chembamba: sehemu kubwa ipite kwenye sampuli, sehemu ndogo iende kwenye fotodayodi (kihisi cha mwanga) ya pili, kisha ugawanye namba moja kwa nyingine. LED ikifa nusu, uwiano unabaki palepale. Kisha iwashe na kuizima mara nyingi kwa sekunde, na kila inapozimwa pima giza ulitoe. Jua likipenya kwenye ufa wa boksi, litakuwemo kwenye vipimo vyote viwili, vya kuwaka na vya kuzima, nalo litajifuta.

Mwanga unaozurura ndani ya boksi haufutiki hivyo, kwa kuwa unatoka kwenye LED yenyewe. Asilimia 1 ya mwanga ikifika kwenye fotodayodi bila kupita kwenye sampuli, rangi nzito yenye ufyonzaji wa 2.00 itasomeka 1.70. Dawa ni rangi nyeusi isiyong’aa, vitundu vyembamba, na kutopima rangi nzito: punguza urefu wa njia ya mwanga badala ya kulazimisha.

Oksijeni nitapita haraka kwa sababu wenzetu wameshaimaliza kazi. Chukua kihisi cha mwanga, kile ambacho rangi yake inang’aa ikimulikwa na oksijeni huuzima mng’ao huo. Hakili oksijeni, hivyo hakihitaji maji yanayokoroga, tofauti na elektrodi za utando. Hakikisha tu kinapima ucheleweshaji wa mng’ao badala ya ukali wake, maana ukali hufifia rangi inapozeeka na ucheleweshaji huathirika kidogo sana. Ugezi wake, yaani kukilinganisha na kipimo kinachojulikana, hufanyika ndani ya chupa yenye hewa iliyojaa unyevu. Jua joto na mgandamizo wa hewa siku hiyo: maji matamu yaliyoshiba hewa kwenye usawa wa bahari hubeba miligramu 9.09 kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini 7.56 tu kwenye nyuzi 30.

Sasa tagi yako inayotembea ilhali imefungwa. Hili ndilo tatizo zuri kuliko yote uliyoniletea.

Sauti majini husafiri mita 1,482 kwa sekunde kwenye maji matamu ya nyuzi 20. Ukitaka mita 1, unataka muda wenye kosa lisilozidi milisekunde 0.67. Kila kinasa chako kina saa yake, na nakisia, kwa kuwa vinasa vingi viko hivyo, kwamba saa hiyo inaendeshwa na kile kikristali kidogo cha kHz 32.768 chenye umbo la uma. Kristali hizo hukimbia sawasawa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukienda pembeni, iwe joto au baridi, hupunguza mwendo kwa sehemu 0.034 kwa milioni, mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Kinasa kimoja kikiwa karibu na uso wa maji kwenye nyuzi 25 na kingine chini kwenye nyuzi 15, tofauti yao ni sehemu 3.4 kwa milioni. Ni kidogo mno kwa saa ya mkononi. Kwako wewe ni milisekunde 12 kwa saa moja, na milisekunde 12 ni mita 18 za maji. Baada ya saa tatu tagi yako imeshatembea zaidi ya mita 50 na bado imefungwa kwenye nguzo.

Njia bora kuliko zote, kama umbali unaruhusu, ni kuacha kutumia saa nyingi. Unganisha haidrofoni zote kwa kebo na kinasa kimoja kinachosoma njia zote kwa mpigo wa saa moja. Saa hiyo ikikosea, inakosea kwa wote, na kwa kuwa unachotumia ni tofauti ya muda wa kufika kati ya haidrofoni na haidrofoni, kosa linatoweka. Saa ya kawaida kabisa itatosha. Umbali ukiwa mkubwa kwa kebo, weka tagi rejea: tagi ya kudumu mahali palipopimwa, inayolia kila baada ya dakika kadhaa. Unajua tofauti ya muda iliyopaswa kuonekana kati ya vinasa. Inayozidi ni kosa la saa, unalitoa. Kununua saa za gharama kubwa ndilo chaguo la mwisho. Kristali iliyofidiwa joto, ya sehemu 1 kwa milioni, bado inapotea milisekunde 86 kwa siku, ambazo ni mita 128. Saa ya atomiki ya ukubwa wa chipu ipo na inafanya kazi hiyo vizuri, lakini uitumie tu pale tagi rejea inaposhindikana.

Haidrofoni tatu hazitoshi. Kila jozi inakupa mstari uliopinda ambao samaki yuko mahali fulani juu yake. Tatu zinakupa mikutano ya mistari miwili, wakati mwingine mahali pawili, wala hakuna kitu cha nne cha kukwambia kwamba jibu ni la uongo. Ongeza ya nne, hiyo ndiyo manunuzi pekee ninayokuruhusu leo, na uzipange zimzunguke samaki. Akiwa ndani ya eneo lililozungukwa, makosa madogo ya muda huzaa makosa madogo ya mahali. Akitoka nje, makosa hayohayo hunyumbuka, hasa katika kujua yuko mbali kiasi gani. Watafiti watataka kuona samaki wa nje ya eneo pia. Waonyeshe, lakini kwa rangi nyingine kwenye ramani.

Zifunge haidrofoni kwenye nguzo au chuma kilichozama, usizining’inize kwa kamba kutoka kwenye boya. Kamba ya mita 8 ikisukumwa na mkondo wa maji kidogo tu, haidrofoni inahama mita nzima, na bajeti yako yote imekwisha kabla hujawasha kitu. Usiziweke karibu na uso wa maji pia. Sauti hurudi kutoka kwenye uso ikiwa imegeuzwa, kilima kimekuwa bonde, na ikifika karibu pamoja na ile iliyonyooka huifuta. Tagi na haidrofoni zote zikiwa mita 2 chini na mita 100 zikiwatenganisha, mwangwi huo unachelewa kwa mikrosekunde 54 tu. Utaona tagi inapotea na kurudi, ukadhani betri.

Joto tena. Kutoka nyuzi 20 hadi 30, mwendo wa sauti kwenye maji matamu hupanda kutoka mita 1,482 hadi 1,509 kwa sekunde, karibu asilimia 2. Kwenye tofauti ya njia ya mita 200, ukitumia namba ya zamani umekosea mita 3.6. Weka vipimajoto kadhaa kwenye kamba kutoka juu hadi chini. Ziwa likiwa na tabaka la joto juu na baridi chini, sauti hupinda kuelekea kwenye baridi, kwa kuwa huko husafiri polepole zaidi, na kuna siku haidrofoni ya juu haitamsikia kabisa samaki aliye umbali ambao jana alisikika vizuri. Asiposikika, usiandike “hayupo”.

Hukuniuliza kuhusu masafa ya tagi, lakini yanabeba maamuzi mengi. Nyingi za baharini hulia kwenye kHz 69. Kwa masafa hayo maji matamu hupunguza sauti kwa desibeli 1 tu hivi kwa kilomita, wakati maji ya bahari hupunguza kwa takribani desibeli 20. Mwizi ni salfeti ya magnesiamu iliyoyeyuka baharini: wimbi linapopita, ioni zake hutengana na kuungana, na nishati ya sauti huishia humo. Hivyo kemia ya maji ndiyo inayoamua samaki asikike hadi wapi, na mkemia na msikilizaji wa samaki wanalazimika kukaa meza moja hata wasipopenda. Ziwani huna salfeti ya kutisha, kwa hiyo unaweza kupanda masafa. Mfumo uliotengenezwa Marekani kwa ajili ya samoni wadogo wanaopita kwenye mabwawa ya umeme ya Mto Columbia hutumia kHz 416.7. Masafa ya juu yanaruhusu tagi ndogo: ile ya kuchomwa kwa sindano iliyobuniwa na Pacific Northwest National Laboratory ina urefu wa milimita 15 na uzito wa gramu 0.22 hivi. Mlio wake una biti 31 na unaisha chini ya milisekunde moja, hivyo ukingo wa kufika ni mkali na ni rahisi kuupima kuliko mlio mrefu wa masafa ya chini.

Uzito sio urembo. Kanuni inayotumiwa sana ni tagi isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki, ukipima hewani. Samaki wa gramu 50 anabeba gramu 1, na sehemu kubwa ya gramu hiyo ni betri. Kila unapoamuru tagi ilie mara nyingi zaidi ili ramani ipendeze, unafupisha maisha yake na kuongeza milio inayogongana. Kwa samaki wadogo kabisa kuna tagi zisizo na betri za kHz 134.2, zenye milimita 12, zinazoamshwa na sumaku ya kifaa cha kuzisoma. Zinadumu maisha yote ya samaki, ila lazima apite chini ya mita moja kutoka kwenye antena. Ni za mlangoni, kwenye ngazi ya samaki au kijito. Ziwani wazi hazikufai.

Siku moja hao watafiti watakuuliza samaki alikuwa wapi kabla ya kuwekewa tagi. Elektroniki haina jibu, kemia inalo. Ndani ya kichwa cha samaki mwenye mifupa kuna vijiwe vya sikio vya kalsiamu kaboneti vinavyokua tabaka kwa tabaka, na mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba tabaka hizo zinaweza kuwa za siku kwa siku. Strontiamu ya maji aliyoishi huingia humo na haitoki. Uwiano wa strontiamu 87 kwa 86 (isotopu, yaani aina mbili za strontiamu zenye uzito tofauti) baharini ni 0.7092 kila mahali. Kwenye mito na maziwa hutegemea miamba. Maabara huchoma kijiwe kwa leza kutoka kiini hadi ukingo na kusoma uwiano huo kwenye spektromita ya masi (mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake), na hapo unaona mbinu yetu ileile: isotopu mbili hupimwa kwa wakati mmoja kwenye vipokezi viwili, ili moto wa plazima ukiyumba uyumbe kwa zote. Rubidiamu 87 ina uzito karibu sawa na strontiamu 87, kwa hiyo hupimwa rubidiamu 85 pembeni ili ijulikane ni kiasi gani cha kutoa. Doa la leza la mikromita 40 hukusanya siku nyingi kwa mpigo mmoja, kwa kuwa tabaka la siku moja ni la mikromita chache tu. Waambie hivyo mapema, kabla hawajaahidi ripoti ya kila siku.

Turudi kwenye bajeti yako ya mita 1. Iandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chuma cha kulehemu. Mfano: saa 0.3, mahali pa haidrofoni 0.5, mwendo wa sauti 0.4, kutambua ukingo wa mlio 0.5, vyote kwa mita. Makosa yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja. Weka kila moja kwenye mraba, jumlisha, tafuta kipeuo. Unapata 0.87, umepita. Sasa jaribu kununua saa iliyo bora mara kumi: 0.3 inakuwa 0.03, na jumla inashuka hadi 0.81. Umelipia sentimita 5 au 6 tu. Muda wa saa moja wa kupima vizuri nguzo za haidrofoni ungekupa zaidi. Karatasi hiyohiyo itafaa kwa amonia, na humo utaiona pH imekalia mstari wa juu.

Ukishatengeneza, jaribu mambo matatu kabla ya samaki yeyote kuguswa. Funga mlango wa pH kwa rezista ya gigaomu 1 badala ya elektrodi, weka boksi kwenye friji usiku kucha, kisha mahali pa joto. Namba ikihama zaidi ya milivolti moja, rudi kwenye usafi wa bodi. Kwa fotomita, pima maji matupu mara ishirini, tafuta mtawanyiko wa namba hizo, zidisha kwa tatu: chini ya hapo usiripoti amonia yoyote. Kwa haidrofoni, funga tagi kwenye nguzo uliyopima mahali pake, iache siku nzima, na utazame wingu la nukta. Likiwa limetawanyika pande zote ni kelele, utaongeza wastani. Likitambaa upande mmoja ni saa au joto, na wastani hautasaidia hata ukichukua vipimo elfu.

Mwisho ni faili zako. Hifadhi milivolti ghafi, muda ghafi wa kufika kwa kila haidrofoni, mwanga wa fotodayodi zote mbili na giza lake, na joto la maji na la bodi kwa kila mstari. pH, amonia na ramani zihesabiwe baadaye kwenye kompyuta. Mtu akigundua baada ya miezi kwamba bafa ilikuwa imeharibika au nguzo ya pili imeinama, mtahesabu upya jioni moja. Mkiwa mmehifadhi pH peke yake, mtarudi ziwani kuanza upya.